Mkija na Chanjo, Njooni na Mirija ya Damu

Mnyoo wa moyo ukiwa na vibuu kwenye damu ya mbwa, darubini haikufichi. Unaweka tone kwenye kioo, na kati ya chembe nyekundu unaona kitu chembamba kinajinyonganyonga, kinazisukuma chembe huku na huku. Taabu ni pale usipoona kitu, mbwa naye anaendelea kukohoa na kukonda.

Natibu mifugo huku Keroka, mpakani mwa Kisii na Nyamira. Kwangu mimi, kumwandikia mbwa kuwa ni mzima kwa kioo peke yake ni kubahatisha. Mnyoo huu, Dirofilaria immitis, huletwa na mbu, na tangu mbwa aumwe hupita miezi 6 au 7 kabla ya vibuu kutokea kwenye damu. Minyoo ikiwa madume matupu, haizai chochote. Halafu kuna sindano ya ivamektini. Mbwa akitoka upele, mwenyewe anakimbilia agrovet na kumchoma dawa ya ng'ombe kwa kukadiria. Dawa inafyeka vibuu, lakini minyoo mikubwa, majike yenye urefu wa hadi sentimita 30, inabaki kwenye mishipa ya mapafu na moyoni. Kioo kinatoka safi.

Kipimo cha PCR, kile kile tulichokizoea wakati wa korona, hutafuta DNA ya mnyoo, kwa hiyo hunasa hata vibuu vichache vilivyolipita jicho. Pia hutenganisha mnyoo huu na Dirofilaria repens, unaokaa chini ya ngozi na ambao humwingia binadamu pia, wakati mwingine hadi kwenye jicho. Si muujiza: damu isipokuwa na kibuu hata kimoja, PCR nayo yaweza kukosa. Ndiyo maana nataka mbwa wa huku wapimwe kwa PCR pamoja na kipimo cha antijeni, kinachonasa protini ya majike makubwa.

Najua nitaulizwa: hospitali hazina dawa, wewe unalilia mbwa koko? (Koko kwa jina tu. Wengi wana wenyewe, ni vile tu hakuna anayewauliza usiku wanalala wapi.) Hao wanaolala nje, kando ya mashimo ya matofali yaliyojaa maji, ndio mbu huanza nao. Damu yao itatuambia mbu wetu wamebeba nini kabla hatujaanza kuzika mbwa wanaolinda boma. Kutibu minyoo iliyokomaa ni ghali, na ikifia ndani huweza kuziba mishipa ya mapafu.

Siombi maabara mpya. Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, Septemba 28, kampeni za chanjo zikija, mbwa huwa tayari ameshikwa, kamba shingoni. Mililita 2 za damu hazichukui dakika tano. Kaunti zote mbili zinunue mirija na kisanduku cha barafu, sampuli zipelekwe maabara ya mifugo ya Kabete. Waanze na mbwa wa soko la Daraja Mbili na wa vichinjio vya huku kwetu. Kuwashika nitasaidia mwenyewe.