Wenye Msitu Waulizwe Kabla ya Shoka Kunolewa

Wahenga walinena kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Naukumbuka usemi huu kila nifunguapo gazeti nikakuta, pembeni mwa ukurasa, tangazo la herufi ndogo likiarifu kwamba shirika fulani lanuia kupitisha barabara, nyaya za umeme au bomba la maji ndani ya msitu wa umma, na kwamba yeyote mwenye pingamizi awasilishe maoni yake kwa maandishi kabla ya siku kadha wa kadha kupita. Siku hizo hupita. Wachache mno huandika. Kisha tingatinga huingia, na mwananchi aliyezaliwa kando ya msitu huo akabaki kuuliza ni lini alipoulizwa.

Sisemi haya kwa kusimuliwa. Miaka michache iliyopita nilihudhuria mkutano wa kukusanya maoni katika kijiji kimoja kilichopakana na msitu wa serikali. Jambo lililotuleta pale lilikuwa barabara. Hema lilikuwa limesimamishwa na soda zilikuwa tele. Mtaalamu aliyeajiriwa na wenye mradi alisimama akiwa ameshika ripoti nene kama tofali, yote kwa Kiingereza, akatusomea muhtasari wake kwa takriban nusu saa. Karani aliyepewa kazi ya kutafsiri alitwambia kwa ufupi kwamba barabara ni maendeleo na kwamba miti itakayokatwa itapandwa mingine mahali pengine.

Ndipo ajuza mmoja alipoinua mkono. "Mwanangu," alimwambia mtaalamu, "barabara hii itapita juu ya chemchemi yetu au chini yake?" Mtaalamu aliikunjua ramani na kuitazama kwa muda mrefu. Chemchemi haikuwamo. "Mama," alijibu kwa adabu, "jambo hilo litaangaliwa wakati wa ujenzi." Mkutano ukafungwa kwa maombi. Karatasi ya mahudhurio ilizungushwa, nasi tukatia sahihi mmoja baada ya mwingine. Miezi kadhaa baadaye niliiona karatasi ileile imeambatishwa nyuma ya ripoti kamili, ikiwa ushahidi kwamba wananchi walishauriwa na wakauridhia mradi. Jina langu lilikuwamo. Lilikuwamo pia jina la ajuza yule, ambaye swali lake halikuandikwa mahali popote.

Kwa hivyo nauliza: je, kuhudhuria ni kukubali? Na iwapo swali kubwa kuliko yote, yaani kama mradi unafaa kuwa mahali pale, laachwa hadi tingatinga zimefika, mkutano ule ulikuwa wa nini?

Yafaa tukumbuke tulikotoka. Chini ya Sheria ya Misitu ya zamani, ile ya Sura ya 385, waziri aliweza kubadilisha mpaka wa msitu au kuuondolea hadhi yake kwa kutoa notisi ya siku 28 katika Gazeti Rasmi la Serikali. Ni wangapi kati yetu hulisoma gazeti hilo? Mchungaji wa mbuzi kule Mau au mchuma chai wa Kericho angelipata wapi? Notisi ilitolewa, naam, lakini ilitolewa mahali ambapo mwenye haja ya kuiona hangeweza kuiona.

Msitu wa Karura jijini Nairobi ni mfano ambao haupaswi kusahaulika. Msitu huo wa zaidi ya hekta 1,000 ulitangazwa rasmi kuwa msitu wa serikali mwaka wa 1932. Ilipofika mwaka wa 1998, umma uligundua kwamba sehemu zake zilikuwa zimegawiwa wastawishaji wa kibinafsi. Uligundua baada ya mambo kutendeka, miti ilipokuwa ikikatwa tayari. Tarehe 8 Januari 1999, Profesa Wangari Maathai na wenzake walikwenda kupanda mche langoni mwa msitu, wakashambuliwa na walinzi, na profesa akajeruhiwa kichwani. Wanafunzi wa vyuo vikuu walimiminika barabarani. Mnamo Agosti mwaka huo Rais Moi alitangaza kupiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma. Leo watu hutembea, hukimbia na kupunga hewa Karura, na wengi hawajui kwamba msitu huo ulinusurika kwa damu ya mwanamke, kwa kuwa hapakuwa na meza ambapo angeketi kusema hapana kabla ya miti kukatwa.

Na bado hatukujifunza upesi. Mwaka wa 2001, miaka miwili tu baada ya marufuku hiyo, serikali ilitangaza nia ya kutoa zaidi ya hekta 67,000 za misitu, sehemu kubwa ikiwa katika Mau, na kabla ya mwaka kwisha mipaka ilikuwa imebadilishwa. Pingamizi zilikuwa nyingi, lakini sheria haikumlazimu mtu kuzisikiliza. Tume ya Ndung'u, iliyokabidhi ripoti yake mwaka wa 2004, ilionyesha jinsi misitu ya umma ilivyokuwa imegawiwa kinyume cha sheria kana kwamba ni mali isiyo na mwenyewe.

Haki itendeke, nisije nikadaiwa kuona giza tu. Sheria tulizo nazo leo ni bora mara nyingi. Sheria ya usimamizi wa mazingira ya mwaka wa 1999 ilileta sharti la tathmini ya athari kwa mazingira. Sheria ya Misitu ya 2005 ilimnyang'anya waziri uwezo wa kubadilisha mipaka bila idhini ya Bunge, na ikavitambua vyama vya jamii vya misitu. Katiba ya 2010 iliitaja misitu ya serikali kuwa ardhi ya umma, ikaitaka serikali iwahimize wananchi kushiriki katika kuhifadhi mazingira, na ikampa kila mtu ruhusa ya kwenda mahakamani kuyatetea bila kuthibitisha kwamba yeye binafsi amedhurika. Sheria ya 2016 yasema kwamba ombi la kubadilisha mpaka halitafikishwa Bungeni ila kwa pendekezo la Shirika la Huduma za Misitu, KFS, wala halitakubaliwa iwapo litahatarisha viumbe adimu au chanzo cha maji. Mwaka wa 2021 ulipoletwa mswada wa kukiondoa kizuizi hicho cha KFS, wananchi waliupinga vikali, nao haukupata kuwa sheria.

Basi ugonjwa uko wapi? Kwa maoni yangu uko mahali patatu.

Kwanza, tunaulizwa tukiwa tumechelewa. Aghalabu mradi hufika mbele ya wananchi ukiwa tayari una ramani, bajeti na mwanakandarasi. Swali linaloulizwa huwa ni namna ya kupunguza madhara, si kama kuna njia nyingine. Sheria yataka njia mbadala zitajwe katika ripoti ya tathmini, lakini mara nyingi hutajwa kwa aya moja kisha zikatupwa, kwa sababu uamuzi ulishapita katika ofisi za mbali. Pana pia mwanya mwingine. Mradi unaopita kwa leseni ya matumizi maalumu haubadilishi mpaka wa msitu katika makaratasi, hata kama ardhini miti imetoweka na lami imetandazwa. Mpaka hubaki, msitu ukaondoka. Mwaka wa 2024 Karura ileile ilirudi kwenye ubishi na hatimaye mahakamani, kwa sababu ya mpango wa kupanua Barabara ya Kiambu ambao ungekula ekari zaidi ya 50 za msitu. Nchi ambayo huulizana mahakamani maswali yaliyofaa kuulizwa barazani haijajua kupanga.

Pili, mpima athari hulipwa na mwenye mradi. Siwatukani wataalamu wetu. Wamo miongoni mwao watu waaminifu na mahodari. Lakini anayemlipa mpiga zumari ndiye huchagua wimbo, na mtaalamu anayetarajia kazi nyingine kesho ataona uzito kuandika leo kwamba mradi haufai kabisa.

Tatu, lugha. Katiba imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na tena lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Iweje basi ripoti inayohusu maji ya kijiji izidi kuandikwa kwa lugha ambayo kijiji hakiwezi kuisoma? Ajuza niliyemtaja hakukosa akili. Swali lake lilikuwa bora kuliko ripoti nzima. Alichokosa ni ripoti anayoweza kuisoma na ramani anayoweza kuisahihisha.

Najua nitaambiwa: wewe unakula na kushiba mjini, unataka watu wa kijijini wakae bila barabara ili wewe upumue? Hoja hiyo si ya kudharauliwa. Mama mjamzito anayebebwa kwa machela anahitaji barabara, na mtoto anayesoma kwa kibatari anahitaji umeme. Wala sidai kwamba kila mradi ndani ya msitu ni dhambi. Ninachodai ni kwamba hesabu ipigwe yote, faida na hasara, mbele ya wanaohusika. Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka katika milima ya Aberdare, kupitia mabwawa ya Ndakaini na Sasumua. Anayekata msitu wa milima hiyo anafungua na kufunga mifereji ya watu walio kilomita nyingi kutoka pale. Gharama hiyo hulipwa na nani, na imeandikwa katika ukurasa upi?

Nitaambiwa pia kwamba serikali imeahidi kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032. Ahadi njema. Lakini mti si msitu. Tathmini ya kitaifa ya mwaka wa 2021 ilionyesha kwamba miti ilifunika asilimia 12.13 ya nchi, ilhali misitu ilifunika asilimia 8.83 tu. Mparachichi ulio nyuma ya nyumba yangu ni mti, nao ni wa manufaa. Hauhifadhi chemchemi, wala ndovu hapiti chini yake. Msitu wa asili uliochukua karne nyingi kukua haulipwi kwa miche ya mwaka mmoja iliyopandwa katika kaunti nyingine.

Wala wasidhani wahifadhi kwamba sharti hili la kuuliza linawahusu wajenzi peke yao. Uhifadhi nao ni matumizi ya ardhi. Mnamo Oktoba 2009, jamii ya Ogiek katika msitu wa Mau ilipewa notisi ya siku 30 kuondoka. Kesi yao ilifika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo mnamo 26 Mei 2017 iliamua kwamba Kenya ilikiuka haki zao, na miongoni mwa makosa iliyoyataja ni kutoshauriwa ipasavyo katika mambo yaliyowahusu. Mnamo 23 Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru walipwe fidia ya zaidi ya shilingi milioni 150. Siku 28 za kutoa msitu, siku 30 za kutoa watu: zote zilitokana na tabia moja ya kuamua kwanza na kuarifu baadaye.

Tufanyeje basi? Napendekeza mambo ambayo hayahitaji fedha nyingi. Kila msitu wa umma uwe na mpango wa usimamizi unaofuatwa, kama sheria inavyotaka, na mradi wowote usioafikiana na mpango huo urudishwe mlangoni kabla ya kugharimu hata senti. Mkutano wa kwanza na wananchi ufanyike kabla mahali pa mradi hapajachaguliwa, na tena wananchi watembezwe msituni pamoja na wapima ardhi, waonyeshe chemchemi, makaburi, mahali pa ibada na mapito ya wanyama. Ripoti itolewe kwa Kiswahili, na muhtasari wake usomwe katika redio za lugha za wenyeji. Wataalamu wa tathmini walipwe kupitia mfuko wa pamoja unaosimamiwa na taasisi huru, ili mwenye mradi asiwe ndiye mwajiri wao. Kila swali lililoulizwa barazani liandikwe na lijibiwe kwa maandishi, na leseni isitolewe hadi majibu hayo yamerudishwa barazani.

Nasi wananchi tusikae kama wageni katika nyumba yetu. Uamuzi wa kutoa leseni ya mazingira waweza kukatiwa rufaa katika Baraza la Rufaa la Mazingira ndani ya siku 60. Vyama vya jamii vya misitu visigeuzwe kuwa vikundi vya kupanda miche na kupigwa picha na wageni mashuhuri. Viongozi wake waombe ramani, waombe ripoti, wahesabu siku.

Mimi karatasi ile imenifunza. Nikialikwa tena katika baraza la aina hiyo nitakwenda, maana kususia ni kuwaachia wengine kalamu. Lakini kando ya sahihi yangu nitaandika maneno machache: nimehudhuria, sijakubali, na swali langu ni hili. Nakuomba nawe, ndugu msomaji, ufanye vivyo hivyo. Ajuza yule hakujua kuandika, hivyo alitia alama ya kidole gumba. Kidole hicho kilichukuliwa kuwa ni ridhaa, ilhali mwenyewe alikuwa bado anangoja kujibiwa kuhusu chemchemi.