VALVU IKIVUJA, FUNDI NDIYE MKOSA?



Stimu ikivuja penye shina la valvu, mabwana wa ofisini wana jibu moja tu: "Kaza nati!" Twawaambia waziwazi kwamba neno hilo ndilo linalounguza mikono yetu.

Kila fundi ajua. Ndani ya valvu ya lango mna pakingi, yaani pete zilizoshindiliwa kuzunguka shina ili stimu isitoke. Pakingi hukauka na kuchakaa. Ikiisha, kukaza nati ni kujidanganya: shina hukwaruzika, gurudumu huwa zito, na kesho uvujaji warudi mkubwa zaidi. Dawa ni kuitoa yote na kutia mpya: kila pete ikatwe kwa kipimo, maungio ya pete yasikae mstari mmoja, nati zikazwe kidogo kidogo pande zote.

Lakini kazi hiyo haifanywi presha ikiwa ndani. Stimu ya bar 10 ina joto la digrii 180 na zaidi. Glandi ikilegezwa, humrukia fundi usoni.

Tena twaagizwa kuacha valvu nusu wazi ili kupunguza stimu. Valvu ya lango ni ya kufungua au kufunga, basi. Ikikaa nusu, stimu huila lango na kikalio chake mpaka haizibi tena. Kisha fundi aitwa mzembe!

Na pakingi nyingi za zamani zilikuwa za asbestosi, ambayo vumbi lake huleta kansa. Hatutazikwangua kwa mikono mitupu.

Wasema kusimamisha mashine ni hasara. Je, mkono ulioungua ni faida ya nani?

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yataka kamati ya usalama palipo na wafanyakazi 20 au zaidi. Tena mfanyakazi akiripoti hatari kubwa iliyo karibu, mwajiri hana ruhusa kumrudisha hapo kabla ya kuiondoa.

Basi twadai haya:

1. Laini ifungwe, presha itolewe, kufuli itiwe, na ufunguo ukae mfukoni mwa fundi.
2. Pakingi isiyo na asbestosi iwekwe stoo kabla haijahitajiwa.
3. Kila uvujaji uandikwe kitabuni, pamoja na jina la mkubwa aliyeambiwa.

Ndugu, ukiambiwa "kaza tu", weka spana chini, umwite mwakilishi wa chama. Mmoja akikataa ataitwa mkaidi. Tukikataa sote, watanunua pakingi.