Herufi Si Lugha

Washa gari lililotoka Japani juzijuzi, na sauti ya mwanamke itakusemesha kwa Kijapani. Hapa Luzira tumeshaizoea. Lakini mshauri kijana ajifunze lugha hiyo, atakuonyesha maandishi yaliyobandikwa kiooni: “Michoro hii nani ataiweza? Afadhali Kiswidi, kina herufi kama zetu.” Nimeyasikia hayo hata kwa walimu, na kwa walimu ndipo yanaponiuma.

Chukua Kiganda cha hapa mtaani. Okugula ni kununua, okuggula ni kufungua. Okusiga ni kupanda mbegu, okusiiga ni kupaka. Mtoto wa Luzira hajaanza shule keshajua kukaza konsonanti na kuvuta irabu. Mjapani hufanya vivyo hivyo: kite ni njoo, kitte ni stempu, obasan ni shangazi, obaasan ni bibi. Irabu zao ni tano, kama zetu. L na r kwao ni sauti moja, kama kwa Waganda, ambao huandika r baada ya e na i kwa kufuata kanuni ya tahajia tu.

Sasa hicho Kiswidi cha herufi 29. Sju ni saba, stjärna ni nyota, skjorta ni shati. Mianzo mitatu tofauti, sauti moja, nayo haimo katika Kiganda wala Kiswahili. Anden kwa kiimbo kimoja ni yule bata, kwa kingine ni roho, na maandishi hayakuambii ni lipi.

Sikatai kwamba kanji ni kazi. Orodha rasmi ina 2,136, na watoto wa Japani huzisomea miaka tisa. Tena anayejua Kiingereza atatambua hus na bok za Kiswidi papo hapo. Lakini kabla ya kanji Mjapani husoma hiragana, alama 46 za msingi, na karibu kila moja ni silabi: ka, ki, ku, ke, ko. Watoto wetu wanaoimba ba, be, bi, bo, bu darasani wako mlango wa pili.

Waswahili ndio hasa tusiopaswa kudanganyika. Kwa karne kadhaa tenzi na barua zetu ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Zikaja za Kirumi, na hakuna ngeli hata moja iliyohama. Mwalimu anayemkatisha mwanafunzi tamaa kwa sura ya maandishi anamfungia lugha ambayo hajamwachia hata kuisikia.

Juzi nilimwomba kijana mmoja wa stendi asikilize gari lilivyokuwa likilalamika kwamba kadi ya ushuru wa barabara haijawekwa. Alirudia neno moja, kaado, bila kukwama. Kisha akaniuliza, “Mzee, hiyo si kadi?”