Faida ya fundi cherehani imo kwenye robo mita

FEDHA za ndizi, mananasi na viungo zinazopatikana Mkuyuni na vijiji jirani vya milima ya Uluguru hazikai kijijini muda mrefu. Huteremka na magari yale yale yaliyobeba mazao, kwenda mjini Morogoro kununua sukari, mabati na nguo. Miongoni mwa nguo hizo imo suruali ya jinzi, ambayo kijana huivaa shambani, sokoni na hata kwenye sherehe. Mara nyingi ni mtumba.

Je, fundi cherehani wa kijijini anaweza kubakiza sehemu ya fedha hizo kwa kushona jinzi mwenyewe, ilhali kitambaa ni ghali na mtaji wake hautoshi kununua jora zima? Maoni yetu ni kwamba anaweza, kwa masharti mawili. Kwanza, ajue kubana kitambaa. Pili, asishindane na mtumba mahali ambapo hawezi kushinda.

Tuanze na kitambaa. Jinzi nyingi za madukani zina upana wa inchi 58 hadi 60. Tuseme fundi amezoea kumwambia mwanamume wa umbo la wastani alete mita moja na nusu. Vipande vinne vya miguu, viwili vya mbele na viwili vya nyuma, vikipangwa ubavu kwa ubavu, kimoja kikiangalia juu na kingine chini, vinaweza kuenea katika mita moja na robo. Mifuko ya nyuma na vitanzi vya mkanda hutoka katika nafasi zinazobaki kati ya miguu. Kipande cha kiuno kinaweza kuungwa katikati ya nyuma, mahali ambapo kitanzi kitafunika kiungo. Sehemu zisizoonekana, kama vile ndani ya mifuko na upande wa ndani wa kiuno, si lazima ziwe za jinzi. Amerikani au kitenge cha zamani kinatosha, tena hupunguza unene unaovunja sindano.

Robo mita ni kitu gani? Tufanye hesabu kwa bei za mfano, na kila fundi aweke bei za kwake. Mita moja ya jinzi iwe sh. 10,000, zipu, kifungo, uzi na bitana viwe sh. 3,500; na suruali iuzwe sh. 25,000. Anayetumia mita moja na nusu hulipa sh. 18,500 na kubaki na sh. 6,500. Anayetumia mita moja na robo hulipa sh. 16,000 na kubaki na sh. 9,000. Amepunguza kitambaa kwa sehemu moja ya sita tu, lakini ujira wake umeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja. Kwa maneno mengine, kitambaa cha suruali tano kinazaa ya sita.

Hata hivyo, kuna kubana kunakoleta hasara. Fundi mwenye kitambaa kidogo hushawishika kukata bila kukiloweka kwanza. Jinzi ambayo haikuzuiwa kurudi huko kiwandani inaweza kupungua hadi asilimia 10 ikifuliwa, na kwa mguu wa inchi 42 hizo ni zaidi ya inchi nne. Mteja atairudisha, na mkasi ukishapita hakuna dawa. Kiloweke, kianike, ndipo upime.

Kosa la pili ni kulaza kipande upande ili kienee. Nyuzi za mtande, zile za buluu zinazofuata urefu wa jora, ndizo zinazopaswa kushuka na mguu. Mguu mmoja ukifuata mtande na mwingine mshindio, suruali itajivuta upande baada ya kufuliwa. Kosa la tatu ni kupunguza akiba ya mshono kwenye makalio na katikati ya miguu, mahali panapobeba uzito mkulima anapoinama. Hapo kingo zikunjwe zifichane, zishonwe mara mbili, kwa sindano namba 16 au 18 na uzi imara.

Sasa tuje kwenye mtumba. Fundi wa Mkuyuni hatauza kwa bei ya chini kuliko mtumba, na asijidanganye. Kama mtumba ni sh. 10,000 na suruali yake ni sh. 25,000, basi ya kwake lazima idumu zaidi ya mara mbili na nusu ya muda wa ule mtumba. Isipodumu hivyo, mkulima anayenunua mtumba ndiye anayefanya hesabu sahihi.

Ndiyo maana tunasema fundi ashone suruali ya kazi. Anayelima kwenye miteremko ya Uluguru huchakaza magoti, makalio na midomo ya mifuko kabla ya sehemu nyingine. Mtumba ulishonwa kwa ajili ya mtu mwingine na kazi nyingine, na huenda tayari umechoka mahali hapo. Fundi anaweza kuweka goti la tabaka mbili na kukaza pembe za mifuko kwa kushona kwenda na kurudi. Kitambaa cha tabaka la pili anakipata kwenye jinzi kuukuu, kwani suruali iliyotoboka magotini huwa bado nzima chini ya goti kwa nyuma.

Jinzi yenyewe ilianza hivyo. Jacob Davis alikuwa fundi cherehani mdogo katika mji wa Reno, Marekani, akiwashonea vibarua. Alipoona mifuko yao inachanika, alipigilia vipini vya shaba kwenye pembe. Kwa kuwa hakuwa na uwezo wa kulipia hataza peke yake, alishirikiana na Levi Strauss, mfanyabiashara aliyekuwa akimuuzia kitambaa, na hataza ilitolewa Mei 20, 1873. Jina lililobaki midomoni mwa watu ni la mwenye duka, lakini maarifa yalikuwa ya fundi.

Wapo wanaosema dawa ni kupiga marufuku mitumba. Machi 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki waliazimia kuiondoa hatua kwa hatua katika miaka mitatu. Marekani ikatishia kuondoa nafuu za kibiashara za AGOA. Tanzania na Uganda zikarudi nyuma, na Rwanda iliyoshikilia msimamo ilisimamishiwa nafuu za nguo mwaka 2018. Fundi anayesubiri marufuku ili apate wateja atasubiri sana.

Yapo yanayoweza kufanyika sasa. Mafundi wa kata moja waungane kununua jora kwa bei ya jumla na kugawana kwa mita, badala ya kila mmoja kupanda gari kufuata kipande chake. Wanunue mavuno yanapokaribia, wakati mkulima ana fedha mkononi, na wadai malipo ya awali yanayotosha kulipia kitambaa. Halmashauri inatakiwa kisheria kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Kikundi cha mafundi chenye hesabu kama hizi tulizoonyesha kina hoja ya kupeleka mezani.

Nao VETA na SIDO, wanapofundisha ushonaji, wafundishe pia kupanga vipande juu ya kitambaa na kuandika gharama za kila nguo. Fundi asiyejua suruali moja imekula mita ngapi hawezi kujua kama siku ile amefanya kazi kwa faida au amemfanyia mwenye duka la vitambaa kibarua cha bure.