Ruta ya mteja, funguo za kampuni

MTEJA analala akiwa na ruta kamili, anaamka kukuta kipengele alichozoea kukitumia hakipo. Hakuna barua wala ujumbe wa simu. Kampuni inayomuuzia intaneti imebadilisha programu ya kifaa hicho usiku, tena kwa mbali.

Uwezo huo si siri. Tangu mwaka 2004 upo utaratibu wa kiufundi ujulikanao kama TR-069, unaoiruhusu kampuni kuisimamia ruta iliyo nyumbani kwa mteja: kuirekebisha, kuifunga, hata kuipunguzia kazi.

Watetezi wake wana hoja nzito. Novemba 2016 nchini Ujerumani, ruta za wateja wapatao 900,000 wa Deutsche Telekom ziliyumba kutokana na shambulio, na tiba ikawa programu mpya iliyosambazwa na kampuni yenyewe. Ila washambuliaji nao walibisha hodi katika mlango uleule uliowekwa kwa ajili ya usimamizi wa mbali.

Usalama, hata hivyo, hauhalalishi ukimya. Mwaka 2012, wenye baadhi ya ruta za Linksys, zilizokuwa mali ya Cisco, walikuta baada ya programu kubadilishwa kwamba ili kufikia mipangilio yote walitakiwa kujisajili katika huduma ya kampuni hiyo. Walilalamika, Cisco ikawapa njia ya kurudi nyuma. Hao walikuwa wamenunua ruta kwa fedha zao. Anayepewa na kampuni ya intaneti ana sauti ndogo zaidi, ingawa kampuni inayomkumbusha ankara haikosi njia ya kumjulisha mabadiliko.

Ujerumani, tangu Agosti 1, 2016, sheria inampa mteja haki ya kutumia ruta aliyoichagua mwenyewe.