Jua ya Beni, baridi ya Butembo

Hapa Butembo asubuhi hautoki inje bila koti. Shuka Beni, kilometa 54 tu: jua inawaka, kakao inaota vizuri. Ndiyo maana wengi wetu tulihamia kule, kulima, kuendesha kinga, kuzungumuza inje mpaka usiku.

Tangu 2014 mauaji yamegeuza njia. Sasa ni wandugu wa Beni wanaopanda huku kwenye baridi, matela kichwani. Etat de siège ilitangazwa Mei 2021. Mpaka leo mulimaji anaogopa shamba lake.

Wakubwa wa inchi, hatuombi mambo mengi. Mutulindie barabara na mashamba kwanza. Mwenye kupenda jua asilazimishwe kuchagua kati ya jua na uzima wake.