Ng'ambo ya Nini?

Nilipokuwa na miaka saba au minane, bibi yangu alikuwa akinichukua kwenda sokoni Darajani. Tulitoka Kisiwandui kwa miguu, na kila mara, kabla ya kufunga mlango, alimwambia jirani: "Nakwenda mjini mara moja." Mwendo wenyewe haufiki robo saa. Siku moja nikamuuliza, "Bibi, kwani hapa si mjini?"

"Hapa Ng'ambo, mwanangu."

"Ng'ambo ya nini?"

"Ya maji."

Tulikuwa tumesimama kando ya barabara tukisubiri daladala zipite. Sikuona hata tone la maji. Nilidhani ananitania. Nilikuja kujua ukubwani kwamba alikuwa akinipa jibu sahihi kabisa: chini ya lami ile umezikwa mkono wa bahari.

Mji Mkongwe wa Zanzibar ulikuwa karibu kisiwa. Hori lililoitwa Pwani Ndogo liliingia kutoka upande wa Funguni, likaupitia mji kwa nyuma na kushuka kusini kuelekea Mnazi Mmoja. Maji yakijaa, mji ulishikwa na ardhi kwa shingo nyembamba tu. Yakipwa, palibaki tope na harufu yake. Watu walivuka kwa daraja, na daraja hilo ndilo lililoacha jina la Darajani. Ukiyasikiliza majina ya mitaa ya karibu utaisikia pwani nzima: Funguni pana fungu, Mchangani pana mchanga, Vikokotoni pana vikokoto, na Kisiwandui, kwa bibi yangu, pana kisiwa na ndui kwa pamoja. Leo hakuna daraja wala kisiwa.

Hori lilijazwa kidogo kidogo. Upande wa kusini ulifukiwa mapema katika karne ya 20, na sehemu iliyosalia ikamalizwa miaka ya 1950. Juu yake tukapata viwanja vya Mnazi Mmoja na barabara iliyoitwa Creek Road, yaani barabara ya hori. Sasa ni Barabara ya Benjamin Mkapa. Sina ugomvi na heshima aliyopewa rais huyo wa zamani, lakini siku kibao kilipobadilishwa, neno la mwisho lililolitaja hori barabarani liliondoka nacho.

Ugomvi wangu ni huu: tulifukia maji, tukauacha mpaka.

Mpaka huo una watu walioukaza. Profesa W. J. Simpson, mtaalamu wa afya wa Kiingereza aliyezuru Afrika Mashariki mnamo 1913 na 1914, alipendekeza miji ya huku itenganishwe kwa rangi, na kati ya Wazungu na wengine uachwe uwanja mtupu. Sababu iliyotajwa ilikuwa maradhi. Mnazi Mmoja ikawa uwanja wa namna hiyo: Waingereza wakacheza gofu na kriketi juu ya bahari iliyofukiwa, na nyuma ya uwanja wakakaa wapagazi, wavuvi, watumwa walioachwa huru na watoto wao, Wangazija, watu wa Bara, mafundi na wapishi. Kabla ya hapo mambo hayakuwa yamekatwa kwa kisu hivyo. Upande wa mjini palikuwa na vibanda vya makuti katikati ya majumba, na Ng'ambo palikuwa na nyumba za mawe. Rangi mbili safi kwenye ramani ni kazi ya mchora ramani.

Wakoloni wameondoka. Kalamu yao tunayo sisi.

Mwaka 2000 UNESCO iliuandika Mji Mkongwe katika orodha ya Urithi wa Dunia, hekta 96. Mpaka wake wa mashariki kwa sehemu kubwa unafuata ile ile barabara. Kipande cha Ng'ambo kiliwekwa kuwa ukanda wa kinga. Hebu litafakari neno hilo. Kinga ya nani? Sisi ni ganda, tunda liko ng'ambo ya pili.

Utaambiwa kwamba Mji Mkongwe umehifadhiwa kwa sababu ni wa kale. Lakini nyumba nyingi za mawe tunazozionyesha kwa wageni ni za karne ya 19, na karne hiyo hiyo Ng'ambo nayo ilikuwa ikijaa watu na nyumba. Hawa ni ndugu waliopishana kidogo. Mmoja akaitwa mkongwe, mwingine akaitwa upande wa pili.

Utaambiwa pia kwamba Ng'ambo hakuna kitu cha kuonyesha. Siti binti Saad aliishi wapi? Mwanamke aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo za Kiswahili alikuwa mtu wa Ng'ambo, na nyumbani kwake watu walikusanyika usiku kuimba na kupashana habari. Mwaka huo huo wakazi wa Ng'ambo walikataa kuwalipa wenye ardhi kodi ya viwanja vilivyobeba nyumba zao, na wanawake walikuwa mstari wa mbele. Mgeni anaonyeshwa milango iliyochongwa na matajiri. Hakuna anayemwonyesha barza walikokaa waliowagomea matajiri.

Nisiwe dhalimu. Si wageni peke yao walioiumiza Ng'ambo. Baada ya Mapinduzi, yale majumba marefu ya Michenzani, tunayoyaita treni, yalijengwa kwa msaada wa Ujerumani Mashariki na yalipita juu ya mitaa ya watu. Nia ilikuwa kumpa mnyonge nyumba yenye umeme na bomba, na waliopata wanashukuru. Tena wapo waliokwisha kuanza kurekebisha: Atlasi ya Ng'ambo iliyotoka 2019 imechora na kueleza mitaa ambayo vitabu vya utalii huiruka. Hata hivyo kitabu kizuri hakizuii nyundo.

Nimeiona nyundo. Nyumba ya bibi ilikuwa ya udongo na mawe, imepigwa chokaa, ina boriti za mikoko na barza ya saruji mbele. Alipofariki, warithi waliuza, na hilo lilikuwa haki yao. Aliyenunua aliibomoa kwa siku mbili. Hakuna aliyemuuliza kitu, hakuna aliyekuja hata kupiga picha. Rafiki yangu mwenye nyumba Kiponda, dakika chache kutoka hapo, alisubiri miezi kupata kibali cha kubadilisha dirisha. Sisemi wote wasubiri miezi. Nasema sheria inayolijali dirisha upande mmoja na kutoijali nyumba nzima upande wa pili inajua vizuri hori lilipita wapi.

Kwa hiyo nataka mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili mkubwa. Kwanza, njia ya Pwani Ndogo ichorwe chini, kwenye lami na kwenye nyasi za Mnazi Mmoja, kwa rangi au kwa mawe, kutoka Funguni hadi ilipoishia. Pili, nyumba kongwe za Ng'ambo zihesabiwe, na anayetaka kubomoa aombe kwanza, ili angalau ipigwe picha na iandikwe ilikuwa ya nani. Tatu, nawaambia vijana wenzangu mnaotembeza wageni: msigeuke nyuma mkifika sokoni. Vukeni barabara.

Jina la Ng'ambo sitaki libadilishwe. Ni neno zuri na halina kosa. Ng'ambo hutegemea umesimama wapi: kutoka barzani kwa bibi, Shangani ndiyo ng'ambo. Ninachotaka ni kwamba mtoto akisimama Darajani kesho na kuuliza swali nililouliza mimi, mtu mzima aliyemshika mkono awe na kitu cha kumwonyesha kwa kidole.